Ndege ndogo, mizani na neno "hapana": tuizungumze ajali ya Marsh Harbour ya 2001

Mpimamizigo (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni akitulia.

Nimefanya kazi ya upakiaji kwenye viwanja vidogo vya ndege huku kaskazini mwa Tanzania kwa miaka mingi. Mimi ndiye yule kijana mwenye kizibao cha kung'aa anayekuambia "dada, naomba upande kwenye mizani pamoja na begi lako", na wewe unanuna. Nimetukanwa sana kwa ajili ya ile mizani. Leo nataka niwaeleze kwa nini siwezi kuiacha, na kwa nini naamini ajali nyingi za ndege ndogo wakati wa kuruka huwa zimeshatengenezwa chini, pale pale mnapoagana na ndugu na kupiga picha.

Naanza na ajali moja ambayo wengi wetu tunaijua kwa upande wa muziki tu.

Jumamosi, tarehe 25 Agosti 2001, kisiwa cha Abaco, Bahamas. Mwimbaji Aaliyah, binti wa miaka 22, alikuwa amemaliza kurekodi video ya wimbo wake. Albamu yake mpya ilikuwa na wiki chache tu sokoni. Safari ya kurudi Marekani ilipangwa kesho yake, lakini kazi iliisha mapema na watu wakataka kuondoka jioni ile ile. Ndege iliyofika uwanja wa Marsh Harbour kuwapeleka Opa-locka, Florida, ilikuwa Cessna 402B, ya injini mbili za pistoni. Ilikuwa ndogo kuliko Cessna 404 waliyojia. Mzigo haukupungua kwa sababu ndege imepungua. Vifaa vya kurekodia vilikuwepo, mabegi yalikuwepo, watu walikuwepo.

Wakaingia wote. Abiria wanane na rubani mmoja. Kwenye saa moja kasoro jioni ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikaenda kidogo, ikaanguka kama mita 60 tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia na kuwaka moto. Hakubaki mtu.

Wachunguzi walipokaa kujumlisha kilo moja moja, walikuta ndege imepita uzito wake wa mwisho wa kurukia kwa zaidi ya kilo 300. Kwa ndege ile kiwango ni kama kilo 2,858, kwa hiyo hapo unazungumzia zaidi ya sehemu moja ya kumi. Na si uzito peke yake: ulikuwa umekaa vibaya pia, kitovu chake, yaani ile nukta ambapo uzito wote wa ndege unajikita, kimerudi nyuma kupita mpaka unaoruhusiwa. Rubani hakuwa na idhini ya kurusha safari za kukodi chini ya kibali cha kampuni iliyotoa ndege. Vipimo vya maabara vilikuta dalili za kokeini na pombe mwilini mwake, na siku 12 kabla ya safari alikuwa amepewa kifungo cha nje cha miaka mitatu kwa kukutwa na kokeini.

Habari zilizotoka baadaye zilieleza kuwa kabla ya kuondoka kulikuwa na mabishano juu ya uzito. Walionywa kwamba mzigo ni mwingi, abiria wakasisitiza waondoke hivyo hivyo. Hapo ndipo ninapokwama mimi kila nikiisoma habari hii, kwa sababu mabishano hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, asubuhi nyingi. Tofauti ni kwamba kwetu aliyesema "hapana" alisikilizwa.

Nitaendelea na namna uzito unavyoiua ndege. Maswali yaleteni.

Kijana wa Sakina

Mkuu endelea, tupo. Ila nieleweshe, ndege ikizidi uzito si isingenyanyuka kabisa? Kama ilinyanyuka maana yake ilikuwa inaweza.

Mpimamizigo

Swali zuri sana hilo, na wengi hudhani hivyo.

Ndege ikiwa karibu na ardhi, urefu usiozidi upana wa mabawa yake, hewa iliyo kati ya bawa na ardhi huisaidia. Inaelea kirahisi kuliko itakavyoelea juu. Kwa hiyo ndege iliyozidiwa inaweza kabisa kuachana na lami, abiria wakapiga makofi, halafu ikipanda mita chache ule msaada unakwisha na injini haina nguvu ya ziada ya kuendelea kupanda. Mbele kuna miti, au nyaya, au maji. Rubani akiona vile mkono wake unataka kuvuta usukani ili pua ipande. Akivuta zaidi, bawa linakutana na hewa kwa pembe kali mno, hewa inaachana na mgongo wa bawa na ile nguvu ya kuinua inakatika. Marubani wanaita stoli. Juu angani ukipata stoli unashusha pua, unachukua mwendo, unarudi kwenye hali yako. Ukiwa mita 30 kutoka ardhini, huo urefu wa kushusha pua huna.

Sasa weka juu yake suala la uzito kukaa nyuma. Umeshaona bodaboda iliyofungwa magunia mawili ya mkaa nyuma, namna gurudumu la mbele linavyoelea na dereva anashindwa kukata kona? Ndege iliyopakiwa nyuma sana inafanya hivyo hivyo. Pua inapanda yenyewe. Rubani anasukuma usukani mbele mpaka mwisho, lakini bapa la mkiani, lile linaloinua na kushusha pua, halina nguvu ya kutosha kuinua ule mkia. Yaani stoli inakuja hata bila yeye kuvuta.

Ndiyo maana kwenye Caravan zetu, Cessna 208, zile za injini moja mnazopanda kwenda Serengeti, Mafia au Pangani, mtaona wakati wa kupakia kuna nguzo fupi tunaiegemeza chini ya mkia. Wageni wengi hudhani ndege ni mbovu. Ile nguzo ipo kwa sababu watu wakiingia kwa pamoja kupitia mlango wa nyuma, na begi zikiwa zimejaa kule nyuma, ndege inaweza kukaa chini kwa mkia pale pale ilipoegeshwa. Nguzo huondolewa kila mtu akishakaa mahali pake. Ukiiona, ujue uzito wa nyuma si nadharia.

Kijana wa Sakina

Aisee. Sasa nimeelewa jambo moja. Mimi ni mtu wa mwili, nina kilo 110. Mwaka fulani nikiwa naenda Mwanza kwa ndege ndogo nilihamishwa kiti mbele za watu, nikaambiwa nije karibu na rubani. Niliona aibu, nikakaa kimya safari nzima.

Mpimamizigo

Pole sana ndugu yangu. Angekuambia sababu kwa sauti ya chini ingekuwa vizuri zaidi, na hilo wenzangu wa kazini naomba walisikie. Mtu anahamishwa kwa heshima. Mimi husema "kaka, nahodha anakuomba ukae naye mbele", basi, habari ya kilo inabaki kati yangu na karatasi.

Lakini kilichofanyika kilikuwa sahihi. Mstari wa pili kutoka mbele na mstari wa mwisho si sawa hata kidogo katika hesabu. Kilo 110 kule nyuma zinavuta mkia kwa nguvu kubwa kuliko kilo hizo hizo zikiwa karibu na mabawa, kwa sababu ya umbali. Kila kiti kina namba yake kwenye jedwali la ndege. Unazidisha kilo kwa umbali, unajumlisha, unapata mahali kitovu kilipo. Tunajaza hayo kwenye lodishiti, yaani karatasi ya hesabu ya mzigo, rubani anaikagua na kuweka sahihi. Hakuna sahihi, hakuna safari.

Ngoja niwape hesabu ya Caravan kubwa, ile 208B, kwa namba za kuzunguka ili mfuatilie. Uzito wa mwisho wa kurukia ni kilo 3,969. Ikiwa tupu na viti vyake chukulia kilo 2,300. Inabaki 1,669 ya kila kitu kingine. Mafuta lita 600 ni kama kilo 480, kwa sababu lita moja ya mafuta yale ina gramu kama 800. Rubani kilo 85. Inabaki 1,104. Weka abiria 12 wa kilo 80 kila mmoja: 960. Inabaki 144. Sasa mabegi 12 ya kilo 15 kila moja ni 180.

Umeshapita kwa kilo 36, na hakuna mtu aliyevunja sharti la begi! Hapo sijamhesabu yule aliyekuja na sanduku gumu la kilo 28 na mfuko wa viatu vya kupandia mlima, wala yule mama aliyebeba mchele wa Kyela wa harusi. Ndiyo sababu utaona wakati mwingine ndege ina viti 12 na tumepakia watu 10. Viti ni nafasi ya kukalia tu. Ndege haijui habari ya viti.

Nahodha Mstaafu

Kijana umeeleza vizuri. Nimerusha ndege hizi maisha yangu yote ya kazi, na nimekaa upande wa pili wa hiyo karatasi. Niongeze mambo ambayo abiria haoni.

La kwanza ni joto na mwinuko. Kiwanja cha Arusha kipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Seronera, kule Serengeti, inapita mita 1,500. Wilson ya Nairobi ni karibu mita 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, na ikipigwa na jua la saa nane mchana inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata hewa kidogo, propela inashika hewa kidogo, na injini ya pistoni inavuta hewa kidogo. Ndege ile ile, mzigo ule ule, iliyoruka Zanzibar kwa mita 500 itataka njia ndefu zaidi sana huku juu. Ukiongeza majani mabichi na tope la masika kwenye uwanja wa nyasi, hesabu inabadilika tena. Rubani akikuambia tuondoke saa moja asubuhi badala ya saa nane, si kwamba anataka kuwahi nyumbani kwake.

Marekani kuna ajali inayofundishwa mpaka leo juu ya hili. Tarehe 11 Aprili 1996, Cheyenne, jimbo la Wyoming, uwanja uliopo zaidi ya mita 1,800 juu. Mtoto wa miaka saba, Jessica Dubroff, alikuwa kwenye safari ya kuvuka nchi akiwa na baba yake na mwalimu wa urubani, kwa Cessna 177 ya injini moja. Vyombo vya habari vilikuwa vinawasubiri kila kituo. Asubuhi ile kulikuwa na mvua, upepo wa kubadilika na radi inakuja. Ndege ilikuwa imezidi uzito kwa kilo 40 hivi. Uwanja wa pwani hali ya hewa ikiwa tulivu labda kilo 40 zingepita salama. Pale hazikupita. Waliruka, wakageuka kukwepa wingu, ndege ikapata stoli ikaanguka barabarani kwenye makazi ya watu. Watatu wote walifariki. Wachunguzi walisema wazi kwamba ratiba na kamera zilichangia kuwafanya waruke pale ambapo wangesubiri. Mwaka ule ule Bunge la Marekani likatunga sheria kuzuia watoto kutafuta rekodi namna hiyo.

La pili ni injini kukata baada tu ya kuruka. Kila mwanafunzi huambiwa: ukiwa chini sana, usigeuke kurudi uwanjani. Tafuta mahali mbele yako, kushoto kidogo au kulia kidogo, utue hapo. Kona ya kurudi inakula urefu na mwendo ambao huna. Lakini ukiwa na abiria nyuma yako na uwanja unauona begani, moyo unakuvuta urudi. Wamekufa watu wazuri kwa kuifuata ile kona.

Mpimamizigo

Shikamoo mzee wangu, ahsante sana. Hilo la saa moja asubuhi naomba kila mwenye kusafiri aliweke kichwani. Sisi kwenye nyasi tunaongeza na wanyama: gari linatangulia kukimbiza pundamilia na nyumbu, halafu ndege ndiyo inapanga mstari. Rubani akikuta wamerudi anakatisha akiwa bado na mwendo mdogo. Ndege iliyopakiwa kwa haki inaweza kusimama kwa breki zake. Iliyozidiwa inachukua njia yote.

Mwana Nairobi

Sisi huku Kenya tukitaja ndege kuanguka ikipaa tunakumbuka Busia. Tarehe 24 Januari 2003. Serikali ya Kibaki haikuwa imemaliza hata mwezi. Mawaziri walikuwa wametoka kwenye sherehe ya waziri mwenzao Moody Awori, wakapanda Gulfstream ya propela mbili kurudi Nairobi. Ilipopaa tu kwenye kile kiwanja kidogo ikagonga nyaya za stima na kuangukia nyumba. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo walikuwa ndani, wakaponea. Nilikuwa shule ya msingi, mwalimu alituletea redio darasani.

Ninachouliza ni hivi: waziri akisema twende, rubani atasema nini?

Mpimamizigo

Ndugu yangu, umegusa kidonda chenyewe. Kuhusu Busia sitasema kilichosemwa au kutosemwa na nani mle ndani. Kwa jumla tu: mwenye cheo au mwenye pesa akiwa na haraka, kila mtu wa chini yake anaanza kuhesabu mkate wake. Rubani kijana anayetafuta saa za kurusha, mwenye mkataba wa miezi sita, na mteja amekodi ndege nzima, huyo anahitaji kampuni iliyo nyuma yake. Kampuni ikimwambia waziwazi "ukikataa safari kwa sababu ya usalama hatutakuuliza", atakataa. Isipomwambia, atajipa moyo.

Nimeshuhudia siku moja bwana mkubwa mmoja na wageni wake, mabegi hayaingii hesabuni kabisa. Rubani alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu. Bwana akapiga simu kwa mwenye ndege pale pale, akampa yule dada aongee. Dada akasikiliza, akasema "ndiyo bosi, mizani inasema zimezidi kilo 90, nikupigie picha?" Akanyamaza, akarudisha simu. Mabegi manne yakabaki, yakaja na ndege ya mchana. Bwana hakumuaga. Sisi wapakiaji tulimuaga mpaka ndege ikapotea machoni.

Mkweli Mtupu

Mleta mada heshima kwako, ila nadhani unaibebesha mizani kupita kiasi. Rubani wa Aaliyah alikuwa na madawa mwilini na hakuwa na idhini. Hapo tatizo ni mtu, mizani inahusikaje?

Mpimamizigo

Hoja yako nzito na siikwepi. Rubani makini asiye na kitu mwilini angekataa kuwasha injini, na hadithi ingeishia kwenye lawama za abiria tu. Kwa hiyo mtu ana sehemu yake kubwa, na kampuni iliyomkabidhi ndege ina sehemu yake. Familia ya marehemu ilifungua kesi, ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Ila angalia upande huu. Kilo zaidi ya 300 na uzito umerudi nyuma, hata ungemweka mzee wetu Nahodha pale kwenye usukani, angepewa ndege isiyoruka kama ilivyojengwa kuruka. Ustadi una mwisho wake. Na nina mfano wa pili ambao marubani walikuwa wazima, wana leseni safi, kampuni inajulikana, na karatasi ilikuwa imejazwa kwa utaratibu wote.

Tarehe 8 Januari 2003, Charlotte, North Carolina. Safari namba 5481 ya Air Midwest, ndege ya Beechcraft 1900D yenye viti 19. Abiria 19, wafanyakazi wawili. Iliruka, pua ikapanda kupita kiasi, marubani wakasukuma usukani wote wawili, haikushuka. Ikapata stoli na kuangukia karakana ya ndege. Kutoka kuruka mpaka kuanguka zilikuwa sekunde 37. Wote 21 walifariki.

Kulikuwa na sababu mbili zilizokutana. Siku mbili kabla, ndege ilipita kwenye matengenezo huko Huntington, West Virginia. Fundi aliyekuwa akirekebisha kamba za chuma zinazoendesha bapa la mkiani hakuwahi kufanya kazi ile kwenye ndege aina ile, akaruka hatua kadhaa za kitabu, na jaribio la mwisho ambalo lingefichua kosa halikufanyika. Kamba zikabaki zimekazwa vibaya, bapa likawa linashusha pua kwa karibu nusu tu ya uwezo wake. Ndege ikaruka safari tisa hivyo hivyo bila tatizo! Tisa. Kwa sababu safari hizo hazikuwa na uzito mkubwa nyuma.

Safari ya kumi ilijaa. Na hapa ndipo mizani inapoingia. Hawakumpima mtu. Walitumia wastani uliowekwa na mamlaka ya anga ya Marekani, wastani wa zamani, wakati watu walikuwa wamenenepa. Kwenye karatasi ndege ilikuwa ndani ya mipaka. Kwa uhalisia ilikuwa imezidi kilo zaidi ya 250 na kitovu kimerudi nyuma. Baada ya ajali mamlaka iliagiza abiria wapimwe kweli kwenye ndege ndogo, wakakuta wastani wa mtu na mzigo wake umepanda kwa karibu kilo 9. Viwango vikabadilishwa.

Kwenye ndege ya watu 180, mnene na mwembamba wanafidiana, wastani unafanya kazi. Kwenye ndege ya watu 12 wakiingia timu ya mpira wa kikapu, wastani hauna msaada. Ndiyo maana mimi nakupima wewe mwenyewe.

Mkweli Mtupu

Nimeelewa mkuu. Hiyo ya safari tisa imenishtua.

Mtoto wa Bukavu

Salamu kutoka Kivu. Tarehe hiyo ya 8 Januari sisi Wakongomani tunayo yetu pia. 1996, Kinshasa, uwanja wa Ndolo ulio katikati ya mji. Antonov 32 ya mizigo ilikuwa imejazwa kupita uwezo wake. Ilikimbia, pua ikakataa kunyanyuka, marubani wakajaribu kusimamisha, njia ikaisha. Ikaingia soko la Simbazikita ambalo lilikuwa limejaa mama zetu na watoto. Watu karibu 300 walikufa, na karibu wote walikuwa chini sokoni, hawakuwa abiria wa ndege yoyote.

Huku kwetu barabara ni mbovu, ndege ndogo ndiyo basi letu. Mfanyabiashara anataka magunia yake yafike. Anayepakia anapewa kitu kidogo. Nani atampima nani?

Mpimamizigo

Ndugu yangu pole, na ahsante kwa kuwataja wale wa sokoni, maana wao hawakuulizwa chochote.

Juu ya kitu kidogo, hata kwetu mtu hujaribu. Noti inakunjwa ndani ya kiganja wakati wa kusalimiana, "kijana niangalizie hili box". Kiongozi wangu wa kwanza kazini alikuwa mama mmoja mkali sana, alitufundisha kuisoma mizani kwa sauti mbele ya mteja na mbele ya rubani. "Ishirini na moja nukta tano!" Ukishaitamka kwa sauti, noti haina tena kazi. Hilo halihitaji bajeti wala mtaalamu kutoka nje. Na rubani akiwa na mazoea ya kuzunguka ndege mwenyewe, akafungua lile tumbo la mizigo chini ya Caravan na kuinua begi mbili tatu kwa mkono wake, wapakiaji tunakuwa waangalifu zaidi.

Kwa abiria ninayo machache ya kuomba, na nayaomba kutoka moyoni. Begi liwe laini lisilo na fremu, kilo 15 kama tiketi ilivyoandika, na kilo hizo ni pamoja na kamera na mkoba wa mkononi. Uliza siku ya kukata tiketi, siyo asubuhi ya safari. Ukiwa na mzigo zaidi nunua kiti cha pili, inaruhusiwa, au uutume kwa basi jana yake. Ukiulizwa uzito wako sema kweli. Wanaopunguza kilo kumi kwa aibu ni wengi, na mmoja haleti shida, lakini wakiwa wanane wote wamepunguza ni kilo 80 ambazo zipo ndani ya ndege na hazipo kwenye karatasi. Ukishapangiwa kiti usihame ili ukae na mwenzako dirishani bila kumwambia rubani. Na mkisikia rubani amesema tunasubiri upepo utulie, au tunaacha begi, nyamazeni, au mshukuruni. Wakati ule anabeba shinikizo la watu kumi na mbili peke yake.

Nahodha Mstaafu

Hapo kwenye kumshukuru umenigusa. Katika miaka yote niliyokataa au kuchelewesha safari, aliyewahi kunishukuru ni bibi mmoja wa Mafia. Aliniambia "mwanangu, kaa tu, bahari nayo huwa tunaisubiri". Wengine walitazama saa.

Mama wa Wawili

Nimesoma uzi wote bila kuruka. Kaka mleta mada, mwezi ujao nasafiri na watoto kutoka Dar kwenda Songo Songo kwa ndege ndogo. Mkubwa ana miaka mitano, mdogo miezi minane. Huyu mdogo naye anapimwa? Na kile kigari chake cha kusukuma je?

Mpimamizigo

Dada hongera kwa kuwauliza mapema. Huyo wa miaka mitano anakaa kiti chake na anapimwa kama abiria yeyote. Wa miezi minane utampakata, na utapanda naye mizani akiwa kifuani, kilo zenu zinaandikwa pamoja. Waombe mkanda wa mtoto unaounganishwa na wa kwako, usimfungie ndani ya mkanda wako mwenyewe kwa sababu ndege ikisimama ghafla utamkandamiza.

Kigari kinahesabiwa kwenye mzigo. Kama kinakunjika na hakizidi kilo sita au saba, kitaingia kwenye tumbo la chini, ila wapigie simu siku mbili kabla uwatajie kilo zake na urefu wake kikiwa kimekunjwa, maana mlango wa lile tumbo ni mdogo. Kama ni kile kikubwa cha fremu nzito, kiache Dar na uchukue kanga ya kumbebea. Omba ndege ya asubuhi, watoto hawatasumbuliwa sana na mitikisiko ya joto la mchana. Na maji yao ya kunywa yaweke kwenye mkoba kabla ya kupimwa, yasije yakaongezwa baadaye.